Mama Yuko Kwenye Mengineyo

Tuseme ukweli mapema, maana watu wetu wakipewa nafasi ya kukuza jambo hawaiachi ipite: Januari hakuwa kamanda. Alikuwa mtunza stoo. Kazi yake katika jeshi la Kanada, tangu alipojiunga mwaka 2005, ilikuwa kutoa buti na mablanketi katika ghala moja la kaskazini mwa Toronto, na kuwafokea vijana waliochukua jozi mbili za glavu badala ya moja. Bunduki aliishika siku za mazoezi, akairudisha ilikotoka. Lakini Februari ya 2014 ilipokuja barua ya kumhamishia kambi moja ya Ujerumani kwa miaka minne, yeye na familia yake, misa nzima ya Kiswahili ilianza kumwita Kamanda. Naye, bila haya, aliitika.

Jamani, cheo kitamu. Wanaume waliokuwa wakimruka kwenye foleni ya chai baada ya misa sasa walimsalimu kwa mikono miwili. Mkewe, Domina, alianza kusema "sisi watu wa jeshini" hata anapoulizwa habari ya baridi. Domina alikuwa mfanyakazi wa nyumba ya wazee kule Parkdale. Huko aliwaogesha mama za watu, akawachana nywele, akawalisha uji kwa kijiko huku akiwaita mpenzi wangu, malkia wangu. Alikuwa mzuri sana kwenye kazi hiyo, na mara mbili walimpa cheti.

Barua ilikuwa na sharti. Kabla ya kuondoka, kila mtu anayemtegemea Januari aandikwe kwenye fomu, apimwe afya, na afisa wa ustawi wa jamii wa jeshi afike nyumbani kuona wanavyoishi. Mmoja akikwama, wote wanabaki. Januari alijaza fomu ile kwa kalamu nyeusi na mwandiko wa kistoo: yeye, Domina, Abigael wa miaka kumi na mitatu, na Erick wa miaka minane. Watu wanne. Ndani ya nyumba ile, ghorofa ya tisa pale Weston, walikuwa wanalala watu watano.

Wa tano alikuwa Mama Koku, mama yake mzazi, miaka sabini na mmoja. Alitolewa Bukoba mwaka 2003 Abigael akiwa na miaka miwili, kwa sababu malezi ya mtoto Toronto yalikuwa ghali na mama ni bure. Alikuwa na presha na sukari, anajidunga sindano asubuhi na jioni. Hayo ndiyo yaliyomtisha Januari. Aliona daktari wa jeshi akimpima Mama, akitikisa kichwa, na Ujerumani inayeyuka mbele ya macho yake. Basi akamwacha nje ya fomu, na kwa watu akasema kwa uso wa huzuni: "Jeshi halimtambui mzazi. Ndivyo sheria ilivyo." Hakuna aliyemuuliza sheria hiyo imeandikwa wapi.

*

Kikao cha familia kiliitishwa Jumapili, sebuleni. Sisi bila kikao hatuwezi hata kuhamisha kochi. Januari alikuwa mwenyekiti, Domina katibu. Polycarp, mdogo wake Januari, alikuja kutoka Agincourt akakaa bila kuvua koti, dalili ya mtu anayetaka kuondoka kabla hajaombwa kitu. Pascal, mwenyekiti wa jumuiya ya kanisa, alialikwa kwa ajili ya sherehe ya kuaga. Mama Koku alikuwa jikoni, hatua nne kutoka kwenye kochi, anapika ndizi za wajumbe.

Domina alisoma ajenda. Ya kwanza, kufungua kikao kwa sala. Ya pili, taarifa ya safari. Ya tatu, sherehe ya kuaga. Ya nne, mengineyo.

Ajenda ya tatu ilichukua saa nzima na dakika kumi. Walijadili keki. Pascal alitaka iwe na umbo la ndege, Domina akataka iwe na bendera tatu, ya Tanzania, ya Kanada na ya Ujerumani, na Polycarp akauliza kama itakuwa na karanga, maana mke wake karanga zinamdhuru. Kisha sare za akina mama.

"Tusivae kijani," alisema Domina. "Kijani ni cha jeshi, watu watadhani tumeiba kitambaa kwa Kamanda."

"Zambarau basi," alisema Pascal.

"Zambarau ni ya msiba, Pascal! Tunakwenda Ulaya, hatuendi makaburini."

Walipofika ajenda ya nne ndizi zilikuwa tayari na harufu imejaa nyumba. Januari alikohoa.

"Kwenye mengineyo," alisema, "kuna hili suala dogo la Mama."

Jikoni kijiko kilinyamaza.

"Polycarp, wewe una nyumba. Vyumba vinne. Nadhani lingekuwa jambo jepesi tu, miaka minne, Mama akae kwako."

Polycarp alivuta zipu ya koti lake hadi kidevuni. "Kaka, mimi nampenda Mama. Mungu ananiona. Lakini chumba cha chini kinarekebishwa."

"Tangu lini?"

"Kinaendelea. Halafu unamjua mke wangu, harufu ya dagaa inamletea kichwa. Na mimi nashinda barabarani. Mama atakaa na nani? Si ni kumtesa?"

"Kwa hiyo kumpokea ni kumtesa."

"Sikusema hivyo. Wewe ndiye uliyemleta, kaka. Ulimleta akulelee wanao, wangu niliwalipia malezi mwenyewe. Tusifichane."

Pascal, mtu wa Mungu, alitazama saa yake. Alisema mzazi ni baraka, na kwamba jumuiya italiweka jambo hili kwenye maombi. Wote wakaitikia amina kwa nguvu, kwa sababu maombi hayahitaji chumba cha kulala. Domina akaandika kwenye daftari: Suala la Mama lilijadiliwa. Wajumbe waendelee kutafakari.

"Mama!" aliita Januari. "Tumemaliza. Leta chakula."

Mama Koku alileta ndizi. Akampakulia Polycarp kwanza, kwa sababu ndiye mgeni, akamwongezea na mchuzi. Polycarp alikula sahani mbili. Ndizi hizo zilikuwa na dagaa, na hakuna kichwa kilichouma.

*

Jumatano jioni Domina aliingia chumba ambacho Mama Koku alilala na Abigael, akakaa pembeni ya kitanda. Alitumia ile sauti yake ya kazini, laini kama anamfunga mtu bandeji.

"Mama, kesho saa tisa anakuja mtu wa jeshi. Tulikuwa tunaomba ukashinde kwa rafiki yako Noorbanu. Mpaka saa kumi na mbili hivi."

"Kwani huyo mtu anauma?"

"Haumi, Mama. Ila nyumba ni ndogo, tutasongamana."

"Tumekaa miaka kumi na moja hatujasongamana."

Domina alicheka kidogo, akainuka. Nyuma yake Januari aliingia na bisibisi. Hakumtazama mama yake. Alifungua skrubu za kitanda, moja baada ya nyingine, akaziweka kwenye bakuli la uji la Erick, na mbao akazishusha kwa lifti hadi stoo ya chini ya jengo. Nguo za Mama Koku zikaingia kwenye sanduku lake la zamani, lile alilokuja nalo, na sanduku likafuata kitanda. Rozari iliyoning'inia ukutani Domina aliivua, akasita, akairudisha. "Hii inaweza kuwa ya Abigael," alisema.

Usiku huo Mama Koku alilala kwenye kochi. Abigael, ambaye alielewa Kiswahili chote lakini alijibu kwa Kiingereza tangu alipoanza shule, alimuuliza baba yake kwa nini kitanda cha Bibi kimeondolewa.

"Kina kunguni," alisema Januari.

Loo! Mtu aliyeuguzwa surua na mama yake kwenye kitanda kimoja, leo anasema kitanda cha mama huyo kina kunguni.

*

Noorbanu alikaa ghorofa ya nne ya jengo hilohilo. Naye alikuwa mtu wa Bukoba. Mumewe, marehemu Dilawar, alikuwa na duka la vitambaa huko kabla hawajahamia Kanada. Walikutana yeye na Mama Koku kwenye chumba cha kufulia, Mama Koku akigombana na mashine kwa Kihaya, na badala ya mashine akajibiwa na mtu nyuma yake kwa Kihaya kibovu. Tangu siku hiyo walikuwa kama chai na maziwa.

Alhamisi walikaa wakitazama dirishani. Mto Humber ulikuwa umeganda. Saa tisa ikafika, afisa hakuja. Saa kumi, bado. Barabara kuu ilikuwa na ajali na magari yamesimama kwenye theluji.

Ilipogonga saa kumi na moja Mama Koku alianza kutokwa na jasho la wasiwasi. "Noorbanu, sindano yangu iko kwenye friji kule juu. Waliniharakisha asubuhi, nimeisahau."

"Wewe! Na hujala?"

"Sijala. Nasubiri nichome kwanza."

"Basi nenda, bana. Nyumba yako hiyo."

"Wameniambia saa kumi na mbili."

"Koku, sukari haijui saa kumi na mbili. Nenda, chukua dawa, rudi ule hapa. Nani atakufanya nini?"

Mama Koku aliingia kwenye lifti. Ufunguo wake Domina alikuwa ameuomba asubuhi, eti wa kwake haufungui vizuri. Kwa hiyo alipofika mlangoni, mlango aliokuwa akiufungua kila siku na mikoba ya watoto mkononi, alibisha hodi.

*

Ndani mambo yalikuwa yanakwenda kama maji. Afisa wa ustawi, mama wa makamo mwenye nywele fupi za mvi, alifika saa kumi na moja kasoro robo akiomba radhi. Alisifu usafi. Aliwauliza watoto kuhusu shule. Domina alimpa sambusa na kumweleza jinsi wanavyopenda nidhamu. Januari alikuwa ameketi wima, magoti pamoja, kana kwamba Ujerumani yenyewe imekaa mbele yake.

Hodi ilipobishwa, Erick alikimbia kufungua kabla baba yake hajasema neno.

Mama Koku aliingia, akavua viatu, akainama kidogo kumsalimu mgeni, akaenda moja kwa moja kwenye friji. Akasogeza maziwa, akasogeza jagi la juisi, akatoa kopo lake la plastiki kutoka kona ya nyuma. Hakutafuta. Mkono ulikwenda wenyewe.

Afisa alifuatilia mkono ule kwa macho. "Huyu ni nani?" aliuliza kwa Kiingereza.

Na Januari, mtoto wa kwanza wa tumbo lile, akajibu: "Mgeni wetu. Ametoka nyumbani kututembelea. Yuko hapa wiki mbili tu."

Abigael aligeuka akamtazama baba yake. Erick alifungua mdomo, Domina akamtia sambusa.

Afisa hakubisha. Alifungua mkoba, akatoa karatasi mbili, akaziweka mezani sambamba. "Nisaidie kuelewa," alisema. "Hii ni orodha uliyojaza mwezi uliopita. Watu wanne. Na hii ni fomu nyingine, ya malezi, ambayo umekuwa ukiisaini kila mwaka tangu ulipojiunga. Kazini walitaka kujua, ukiitwa ghafla na mkeo yuko zamu, nani anabaki na watoto. Umeandika: mama yangu mzazi, anaishi nasi, yuko tayari saa yoyote, mchana na usiku. Na kwa safari ya Ujerumani umeandika hivyohivyo, kwamba malezi ya watoto kule yatakuwa yaleyale." Akamtazama Mama Koku, aliyesimama na kopo lake kifuani. "Mama yako yuko wapi?"

Mtunza stoo wa miaka tisa, anayewafokea vijana kwa glavu moja, alikuwa amemwandika mama yake kwenye karatasi ya kazi na kumfuta kwenye karatasi ya safari, akasahau kwamba karatasi za jeshi hukaa faili moja.

"Ndiye huyu," Januari alisema hatimaye, kwa sauti ya mtoto aliyevunja chungu.

"Sasa sikiliza," alisema afisa. "Mzazi anayeishi na wewe na kukutegemea anaweza kuandikwa. Atapimwa kama wengine. Sukari si lazima imzuie, huko pia kuna hospitali. Ningekuwa nimekusaidia. Ninachokataa ni kudanganywa. Lakini kwa kuwa umenipa majibu mawili, jibu la tatu nitalichukua kwake mwenyewe." Akamgeukia Abigael. "Utanitafsiria? Muulize bibi yako: anaishi hapa, au ni mgeni?"

Januari aliona mtego alioutega mwenyewe. Mama akisema anaishi hapa, orodha ni uongo, ila pengine huyu afisa ataisahihisha. Akisema ni mgeni, fomu ya malezi ni uongo, na hakuna wa kubaki na watoto, na safari imekufa. Akaruka kwenye Kiswahili, haraka, jasho likimtoka. "Mama, mwambie unaishi hapa. Tafadhali. Nitakuandika, twende wote. Nisamehe, nitakueleza baadaye. Sema unaishi hapa."

"Jana nilikuwa naishi wapi?" aliuliza Mama Koku.

"Mama, sasa si wakati."

"Kitanda changu kiko wapi, Januari?"

"Mama!" Domina aliingilia, machozi tayari yamemjaa. "Tunakuomba. Fikiria watoto."

"Hao nimewafikiria tangu sijavua koti." Mama Koku akaweka kopo lake mezani, juu ya zile karatasi mbili. Hakupaza sauti. "Abigael, mjukuu wangu, mwambie hivi. Baba yako hajadanganya leo. Mimi ni mgeni. Kwetu wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi walinipa siku ileile ya kwanza, sijanywa hata maji, mtoto mgongoni. Nimelima miaka kumi na moja. Leo nalitua jembe lao. Wale watoto watafutiwe mtu wa kuwalea, mimi safari yangu ya kutembea imekwisha."

Abigael alitafsiri. Alitafsiri polepole na hakuacha kitu, hata jembe. Mwishoni akaongeza la kwake, kwa Kiingereza: kwamba Bibi amelala chumbani kwake tangu apate akili, na kwamba kitanda hakikuwa na kunguni.

Afisa aliandika mistari michache. Alimshukuru Domina kwa sambusa. Akasema fomu ya malezi haina mtu tena, kwa hiyo faili lote linasimama. Januari alimsindikiza hadi kwenye lifti akimweleza kwamba ni tofauti ya mila tu, na yule afisa akamjibu, lifti ikijifunga, kwamba na yeye ana mama.

Mama Koku alikuwa tayari ameshavaa viatu. Abigael alishuka stoo akalitoa sanduku kati ya mbao za kitanda. Bibi yake alipotaka kulipokea, msichana alikataa. "Mimi nabeba, Bibi," alisema, Kiswahili kimemkaa mdomoni kama kiatu kipya, na akalibeba hadi ghorofa ya nne.

*

Habari zilifika misani kabla ya Januari. Hakuna aliyeuliza kilichotokea, maana sisi ni watu wa adabu, tuliulizana pembeni. Keki ya umbo la ndege ilikuwa imeshalipiwa, kwa hiyo ililiwa kwenye ubatizo wa mtoto wa mtu mwingine. Kamanda akarudi kuwa Januari, na kwenye foleni ya chai watu wakaanza kumruka tena.

Nyumbani ndiko kulikouma. Wiki ya kwanza Domina alikosa zamu mbili kwa sababu hakuna wa kumchukua Erick shuleni. Wiki ya pili Polycarp, alipoombwa msaada, alisema chumba cha chini bado kinarekebishwa. Wiki ya tatu ikaja barua: faili litafungwa Ijumaa. Labda fomu zirekebishwe, Mama aandikwe, asaini kwa mkono wake na apimwe. Vinginevyo nafasi anapewa mwingine.

Jumanne Januari alishuka ghorofa ya nne. Noorbanu alimfungulia, akamtazama kuanzia juu hadi chini, akasema, "Koku, una mgeni," akaenda zake jikoni.

Mama Koku alikuwa kitini karibu na dirisha, miguu juu ya stuli, anakula karanga. Uso umemjaa. Alimkaribisha kwa heshima zote. Alimwuliza habari za baridi. Akamimina chai kwenye kikombe cha maua, chenye kisahani, kile wanachopewa watu wa kuja na kuondoka.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Erick anakulilia." Akatoa karatasi, akaziweka mezani na kalamu yake nyeusi. "Mama, nimekosa. Nimekuja kuomba msamaha."

"Msamaha nimeshakupa, mwanangu. Nilikupa siku ileile, kwenye lifti. Kunywa chai."

Januari akapumua. Akasukuma karatasi mbele. "Basi saini hapa tu. Twende wote Ujerumani. Nimeshakuandika, ona, jina lako hili hapa, la kwanza kabisa, juu ya la Domina."

Mama Koku alivaa miwani. Alilisoma jina lake herufi kwa herufi, kama mtu anayeangalia kama ni lenyewe. Kisha akavua miwani, akaikunja, akarudisha karatasi kwa mwenyewe.

"Jambo kubwa hili," alisema. "Mtu mmoja haliamui kwenye kikombe cha chai. Itisha kikao."

"Kikao, Mama?"

"Polycarp aje, Pascal aje, mkeo aandike. Fungueni kwa sala. Mimi mniweke palepale mliponiweka, kwenye mengineyo."

"Mama, mengineyo huwa mwisho, na hizi karatasi zinatakiwa Ijumaa!"

"Ndiyo maana nakwambia," alisema Mama Koku, akichukua karanga nyingine. "Mkifika kwenye keki, msikawie."